Gamba la kirusi lisilojaa si gunia tupu

Zungusha adenovirusi, virusi vyenye DNA ndani ya gamba la protini, kwa kasi kubwa ndani ya mmumunyo wa chumvi ya sesiamu, nao watajipanga kwa mikanda. Chini hukaa virusi kamili, kila kimoja na jenomu yake, yaani DNA yake yote, yenye jozi za besi (herufi za DNA) kama 36,000. Juu yao huelea chembe nyepesi.

Wapo wanaosema: "Hizo ni magamba matupu." Mengine ndiyo, lakini mengi yana kipande cha DNA, na mara nyingi ni kile cha ncha ya kushoto ya jenomu. Alama ya upakiaji, yaani mahali DNA inapoanzia kuingizwa ndani ya gamba, iko huko, ndani ya besi mia chache za mwanzo. Upakiaji ukikatika njiani, kilichokwisha kuingia ni upande huo.

"Basi hazina kazi." Muulize kirusi cha mafua. Jenomu yake ni ya RNA, si DNA, lakini chembe zake pungufu hutumia mitambo ya zile kamili na kuzipunguzia mavuno.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba gamba la kirusi hubeba jenomu ya kirusi tu. Mwaka 1952 Norton Zinder na Joshua Lederberg walionyesha kuwa jeni za Salmonella husafirishwa kutoka bakteria mmoja hadi mwingine na kirusi cha bakteria kiitwacho P22. Kirusi hiki hushindilia DNA mpaka kichwa, yaani gamba lake, kijae. Kwa kweli ni lumbesa, maana kinachoingia huzidi kidogo jenomu nzima. Mara mojamoja kimeng'enya cha kupakia hudanganywa na sehemu ya DNA ya bakteria inayofanana na alama yake, na kichwa chote kikajaa mali ya bakteria. Chembe hiyo hudunga kama kawaida, ila aliyedungwa hafi: anapokea jeni.

Mbishi atasema DNA ya seli iliyoambukizwa, ikionekana kwenye sampuli ya virusi, ni uchafu tu ulionata nje ya gamba. Hoja ya haki. Ndiyo maana sampuli huoshwa kwa kimeng'enya kinachokata DNA. Iliyomo ndani hukingwa na gamba. Tena mwaka 1981 kundi la Walter Doerfler, Ujerumani, lilieleza chembe za adenovirusi aina ya 12 zenye DNA ya seli ya binadamu iliyoungwa na ncha ya kushoto ya kirusi, pande zote mbili. Anwani ya kirusi, mzigo wa mtu.