Thrombosi: maswali kuhusu damu kuganda ndani ya mshipa

Daktari ameandika "thrombosi". Ni ugonjwa gani?

Ni damu kuganda ndani ya mshipa na kufanya bonge linaloziba njia. Ukijikata, kuganda kwa damu hukuokoa. Hapa imeganda pasipohitajika, mara nyingi kwenye mishipa ya ndani ya mguu.

Jina hilo limetoka wapi?

Kwenye Kigiriki. "Thrombos" ni bonge, liwe la damu au la maziwa yaliyoganda, kama mala. Katika karne ya 19, daktari Mjerumani Rudolf Virchow alionyesha kwamba mabonge yanayokutwa mapafuni mwa marehemu huweza kuwa yametoka mbali, hata miguuni. Kusafiri huko akakuita embolia. Alizaliwa 13 Oktoba 1821, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Thrombosi Duniani, iliyoanza 2014.

Nani yuko hatarini?

Aliyefanyiwa upasuaji, aliyelala kitandani muda mrefu, mgonjwa wa saratani, mjamzito, anayetumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni. Kukaa kitini zaidi ya saa 4 pia huchangia, kwa hiyo basi la Nairobi–Mombasa likisimama Mtito Andei, shuka utembee.

Shemeji amejifungua wiki mbili zilizopita, mguu wa kushoto umevimba. Mama anataka kumkanda.

Tafadhali msimkande, wala msimchue kwa mafuta. Kumkanda mzazi ni desturi yetu, na Mama ana nia njema kabisa. Lakini wiki 6 baada ya kujifungua ni kipindi cha hatari kubwa, na mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukauma na kuwa na joto, huenda mna bonge humo. Kuchua kunaweza kulibandua likaenda mapafuni. Mpelekeni hospitali leo hii. Atapimwa kwa ultrasaundi, kipimo kisichohitaji sindano wala kukatwa. Bonge likionekana, ataanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda. Heparini na warfarini, ambazo ni miongoni mwa dawa hizo, hazimkatazi kunyonyesha, kwa hiyo asikubali kumwachisha mtoto kwa ushauri wa majirani.

Akianza kukosa pumzi ghafla, kifua kikimchoma anapovuta hewa, au akikohoa damu, msingoje kuche. Tafuteni gari usiku huohuo.

Uvimbe ukiisha, aache dawa?

Hapana. Kwa kawaida matibabu huchukua miezi 3 au zaidi, na daktari ndiye wa kusema basi. Katika muda huo asinunue aspirini wala ibuprofeni dukani bila kumwambia mfamasia anatumia nini, kwa kuwa zikichanganyika anaweza kuvuja damu tumboni.