Kazi isiyo na jina lako: dhana potofu za barazani na ukweli wa wasifu wa kitaaluma

Lamu haikosi watafiti. Huyu anachimba magofu, yule anatafuta miswada, mwingine anarekodi tenzi kwa bibi zetu, na kila mmoja humhitaji kijana wa mjini wa kumfasiria Kiamu, kumsomea hati za Kiarabu na kumfikisha Siyu au Pate. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila utafiti ukichapishwa, jina la mwenyeji mara nyingi halimo. Baadaye kijana anaomba nafasi ya uzamili, anaketi kuandika wasifu wake wa kitaaluma (CV), na barazani kila mtu ana ushauri.

"Jina lako halimo kwenye makala, kwa hiyo kazi hiyo haiandikiki."

Hii ndiyo imewapunja wengi zaidi. Orodha ya machapisho ndiyo inayodai jina, si wasifu mzima. Kazi ya aina hii huandikwa chini ya tajriba ya utafiti, pamoja na mradi, mwaka na jambo hasa ulilolifanya. "Msaidizi wa utafiti" peke yake halimwambii msomaji kitu, kwani hata aliyebeba mikoba huitwa hivyo. Andika kwamba ulinukuu mahojiano ya Kiamu na Kibajuni kwa hati za Kirumi, ukayafasiri kwa Kiingereza, ukatengeneza faharasa ya istilahi za ujenzi wa majahazi. Aliye kwenye kamati ya kuchagua waombaji ataona mara moja ujuzi ambao waombaji wengi hawana.

Wala kazi hii si ya ukarani. Muhamadi Kijuma, mchongaji na mwandishi wa Lamu, aliwanakilia miswada ya tenzi wataalamu wa kigeni kama William Hichens na Ernst Dammann. Leo wanaozichunguza tenzi hizo wanamtafiti Kijuma mwenyewe.

"Basi jiandike mwandishi mwenza, nani atajua?"

Atajua yeyote atakayeifungua makala, na hilo ni suala la dakika moja. Hata kama ulidhulumiwa, na wako waliodhulumiwa kweli, wasifu si mahali pa kujirudishia haki. Haki yako idai kwa njia nyingine. Mwongozo wa ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, unaofuatwa na majarida mengi ya fani hiyo, unaweka vigezo vinne vya uandishi: mchango mkubwa katika kubuni utafiti au kukusanya na kuchambua data, kuandika rasimu au kuihakiki kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi yote. Wengi hawafahamu kwamba mwongozo huohuo unasema aliyetimiza kigezo cha kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika hatua zinazofuata. Kwa hiyo ukikusanya data kwa miezi, una hoja ya kuomba uione rasimu. Fani za historia na anthropolojia zina desturi zake, lakini kuomba hakukatazwi popote.

"Kutajwa kwenye shukrani ni adabu tu."

Ni ushahidi uliochapishwa. Taja makala na ukurasa, useme wazi kwamba umetajwa katika shukrani. Ukikosa maneno ya kueleza mchango wako, azima ya mfumo wa CRediT wa kuainisha michango ya watafiti, ambao una majukumu 14, yakiwemo ukusanyaji na utunzaji wa data.

"Kisicho makala si kazi ya kitaaluma."

Miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Nani atasema hiyo si kazi ya kitaaluma? Azimio la DORA kuhusu tathmini ya utafiti, lililoanzia San Francisco mwaka 2012, linataka data na programu za kompyuta zihesabiwe pamoja na makala. Faharasa au rekodi zako unaweza kuziweka Zenodo, hazina ya utafiti ya mtandaoni, bila malipo, zikapata namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu, na kunukuliwa kama chapisho lolote. Ila ziwe zako kweli: mswada wa familia ya watu, au sauti ya bibi aliyekuamini, hauwekwi hadharani bila idhini.

"Kazi ya siri haitajwi kabisa."

Inategemea siri yenyewe. Ukihakiki makala kwa ajili ya jarida, kwa kawaida unataja jarida, hutaji makala. Ukimwandikia mtu kwa mkataba wa kutojitaja, usome mkataba kwanza. Mara nyingi kueleza aina ya kazi bila jina la mteja hakuvunji kitu.

Na kazi uliyoifanya bure? Iandike kama nyingine, malipo hayaihusu kamati.

"Mtafiti amerudi kwao na hajibu barua pepe, basi sina shahidi."

Mradi hauna mtu mmoja. Mwanafunzi aliyekuja naye, au ofisa wa makumbusho aliyewapokea, anaweza kukushuhudia ukimwomba kabla hujaandika jina lake. Rasimu zenye tarehe na barua pepe za zamani zitunze, lakini usiziambatanishe na ombi mpaka utakapoulizwa.