Saa ya Kiingereza Haihitaji Kuongezewa Sita

Kila ninapofungua darasa jipya la watu wazima hapa Mwanza, wawe wahudumu wa hoteli, waongoza watalii au makarani wa viwanda vya minofu ya sangara, hakosi mtu wa kunieleza kwa uhakika kwamba kutaja saa kwa Kiingereza ni hesabu: chukua saa ya Kiswahili, ongeza sita, na ikizidi kumi na mbili, punguza kumi na mbili. Kanuni hiyo hutoa jibu sahihi, na ndiyo maana haifi. Lakini kama njia ya kujifunzia ni mbovu, nami nimechoka kuing'oa.

Itazame saa ya ukutani katika benki yoyote ya mjini inapokuwa saa tatu asubuhi. Mshale mfupi uko kwenye 9. Sisi tuliokuzwa na Kiswahili tumezoea kuisoma namba inayokabiliana nao, yaani 3, bila hata kutambua kwamba tunafanya hivyo. Mwenye kanuni ya sita huiona 9, huigeuza kuwa tatu, kisha huongeza sita ili airudie 9 ileile aliyokuwa akiitazama tangu mwanzo. Huo ni mzunguko wa bure, na katikati yake ndipo makosa huzaliwa, hasa mgeni anapokuwa amesimama akisubiri jibu: mwongozaji anasahau kuongeza, anasema "two o'clock" akimaanisha saa mbili asubuhi, na mtalii anafika saa nane mchana kukuta boti ya Kisiwa cha Saanane imekwishaondoka zamani. Ushauri wangu, ambao wanafunzi huuchukia mwanzoni, ni kusoma namba iliyo chini ya mshale au kwenye kioo cha simu kama ilivyo, bila kuitamka saa ya Kiswahili hata kimoyomoyo.

Dhana hiyo imezaa nyingine, kwamba namba hizo ni saa za Ulaya na kwamba London wako nyuma yetu kwa saa sita. Si kweli. Tanzania iko mbele ya saa ya Greenwich, ambayo ndiyo saa ya London wakati wa baridi, kwa saa tatu, na kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Oktoba, Waingereza wanaposogeza saa zao mbele, tofauti yetu nao hubaki saa mbili tu. Tisa ya ukutani ni wakati wa hapahapa Mwanza. Kiingereza huanza kuhesabu usiku wa manane, Kiswahili huanza jua linapochomoza. Hata hilo la jua ni la makadirio, kwa sababu saa rasmi ya nchi hufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki ilhali Mwanza iko karibu na nyuzi 33 na Dar es Salaam karibu na nyuzi 39, hivyo jua letu hufika utosini kama dakika 25 baada ya kufika utosini mwa watu wa Dar es Salaam.

Wapo pia wanaoidharau hesabu yetu kuwa ya kienyeji. Hao nawaelekeza kwenye Biblia, Mathayo 27:46, Yesu anapolia msalabani, ambako saa tisa ni saa tisa hii hii ya alasiri, inayohesabiwa tangu jua kuchomoza.

Kuhusu "am" na "pm", si kweli kwamba ya kwanza ni asubuhi na ya pili ni usiku. "Am" huanza usiku wa manane, kwa hiyo saa nane usiku ni "2 am". "Pm" huanza adhuhuri, kwa hiyo saa saba mchana ni "1 pm". Tarehe nayo hubadilika usiku wa manane: mwenye tiketi ya ndege ya "1 am" Jumanne anatakiwa kuwa uwanjani Jumatatu usiku, si Jumanne usiku, wakati ambapo ndege itakuwa imeondoka tangu usiku uliotangulia.

"O'clock" haiambatani na dakika. Ni ya saa kamili pekee. Na dakika hazifuati mpangilio wetu wa kuanza na saa: saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi ni "ten to eight", dakika kwanza, kisha saa inayokuja. Anayesema "eight to ten" ametaja saa nne kasoro dakika nane, na mgeni wake atachelewa kwa saa mbili na dakika mbili.