Usiniulize Tumeokota Kilo Ngapi

Juzi tena. Nimetoka kuhesabu taka ufuoni, fomu mkononi, mchanga bado umenishika magotini, mtu akaniuliza: "Mmepata kilo ngapi?" Nikamtajia idadi ya vipande. Akakunja uso. "Hiyo sawa, lakini kilo?"

Kilo hazitufai. Kipande cha wavu kilicholowa na kujaa mchanga kinaweza kushinda uzito wa ndoo nzima ya vifuniko vya chupa, na kesho kikikauka kitapungua uzito bila taka yoyote kuondoka. Vijiti vya pamba vya masikio, hata ukivijaza kiganjani, mzani hautikisiki. Lakini vijiti hivyo vinazungumza: mtu alivitupa chooni, majitaka yakavileta baharini. Hesabu za aina hiyo, nyingi zikifanywa na watu wa kujitolea, ndizo zilizouonyesha Umoja wa Ulaya ni vitu gani vya kubana katika sheria yake ya mwaka 2019. Vijiti hivyo, mirija, sahani na vijiko vya plastiki vikapigwa marufuku kuanzia Julai 2021.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwa utaratibu wa OSPAR, mkataba wa nchi za Ulaya wa kulinda Atlantiki ya Kaskazini-Mashariki, ni mita 100, mara nne kwa mwaka, kutoka ukingo wa maji hadi ufuo unapoishia, kila kipande na safu yake kwenye fomu.

Mita 100 zile zile! Kila msimu yupo mwenye moyo mzuri anayesema twende kule konani, ndiko uchafu ulikojaa. Tukihamia konani, fomu itasema taka zimeongezeka, kumbe tuliohama ni sisi. Na yupo anayefika, asikute kitu, akarudi nyumbani bila kuandika. Sifuri ni jibu, jamani. Fomu isipoletwa sijui kama ufuo ulikuwa safi au hukwenda kabisa, na nikibaki na fomu za siku chafu tu, ufuo msafi utaonekana jaa.

Linaloninyima raha ni vipande vidogo. Boksi la stairofomu likishasagwa na mawimbi, ni taka moja au mia mbili? Fomu inataka kila kipande, na vilivyo chini ya sentimita 2.5 vina safu yake. Safu hiyo siiamini sana. Nimepiga magoti kwenye mstari wa mwani nikitenganisha punje nyeupe na vipande vya makombe, upepo ukazipeperusha kabla sijatia alama. Mwenzangu, mita zile zile, asubuhi ile ile, akatoka na hesabu nyingine kabisa. Sidhani kuna aliyezembea. Baada ya saa nzima jicho huchoka, na vidogo ndivyo huanza kulipita.

Kwa hiyo namba ya siku moja naichukua kwa tahadhari. Naangalia mwenendo wa miaka. Hata Umoja wa Ulaya, ulipokubaliana mwaka 2020 kwamba ufuo usizidi vipande 20 kwa mita 100, haukupima kwa wastani. Hesabu hupangwa kutoka ndogo hadi kubwa, ikachukuliwa ile ya katikati, kwa sababu dhoruba moja inatosha kuuvuruga wastani wa mwaka mzima.

Basi dhoruba ikipita usiku, nenda uhesabu, halafu uitaje dhoruba hiyo kwenye nafasi ya maelezo. Nafasi hiyo karibu kila mara naletewa tupu.