Kutoka ridhaa hadi kulipwa: dhana potofu kuhusu msimu wa mchezaji gofu

Majina yenyewe tuliyoyazoea ndiyo yanayotupotosha kwanza. Tukisema "mchezaji wa ridhaa", msikilizaji humwona mtu anayejifurahisha mwisho wa wiki. Tukisema "mchezaji wa kulipwa", humwona mtu ambaye kila mwezi unapoisha mshahara unamsubiri. Katika gofu, picha zote mbili ziko mbali na hali ilivyo. Mchezaji wa ridhaa wa ngazi ya juu anaishi kwa ratiba ya mazoezi na mashindano isiyompa nafasi ya mchezo wa kujifurahisha, na yule wa kulipwa anayeanza hujilipia mwenyewe ada ya kuingia, nauli, malazi na ujira wa kedi, yaani mbeba fimbo wake, kabla hajaupiga mpira wa kwanza, na katika mashindano ya ngazi za chini asipovuka mchujo wa siku ya pili hurudi nyumbani mikono mitupu. Kati ya hali hizo mbili upo msimu wa mashindano, wakati mwingine misimu miwili au mitatu, ambao mchezaji anapaswa kuusoma kwa uangalifu kabla ya kuvuka. Ninaamini kwamba vijana wengi wenye kipaji huanguka hapo kwa sababu waliusoma msimu wao vibaya, wakaamini mambo yanayosemwa kila siku katika baraza za klabu bila kuyapima.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba handikapu, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hupunguziwa ili ashindane sawa na wengine, ikifika sifuri, mchezaji amefika mlangoni. Tuanze na namna handikapu inavyopatikana. Chini ya Mfumo wa Handikapu wa Dunia, ulioanza kutumika mwaka 2020, huchukuliwa matokeo 8 bora kati ya raundi 20 za mwisho, kisha hutafutwa wastani wake. Raundi nyingine 12, yaani zaidi ya nusu, huwekwa kando. Kwa hiyo handikapu hueleza uwezo wa mchezaji katika siku zake nzuri, wala haisemi atafanya nini asubuhi ya Alhamisi yenye upepo, mikono ikiwa baridi na mpinzani wa kundi lake akiwa tayari mbele kwa mikwaju mitatu.

Hebu tufanye hesabu. Kila uwanja uliopimwa una kiwango cha ugumu, ambacho ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji wa handikapu sifuri anatarajiwa kupiga akicheza vizuri. Uwanja wenye pari ya 72, yaani mikwaju iliyopangwa kwa mashimo yote 18, ukichezwa kutoka tii (sehemu za kuanzia kila shimo) za nyuma kabisa, unaweza kuwa na kiwango cha 74.8. Mchezaji wetu wa handikapu sifuri, akizicheza raundi nne zote kama anavyocheza siku zake nzuri, atamaliza na mikwaju 299, ambayo ni 11 juu ya pari. Hapo tumemhesabia siku nzuri tupu, na hakuna mashindano ya siku nne yanayomjalia mtu siku nzuri tupu. Wachezaji tunaowatazama kwenye televisheni wako ng'ambo kabisa ya sifuri: handikapu zao ni za kuongeza, kwa maana kwamba wangeshiriki mashindano ya handikapu ya klabu, mikwaju ingeongezwa juu ya matokeo yao badala ya kupunguzwa.

Ndiyo maana kitu cha thamani zaidi katika mfuko wa mchezaji anayejiandaa, baada ya fimbo zake 14, ni daftari. Ukurasa mmoja wa daftari linalotunzwa vizuri una mstari kwa kila raundi: matokeo, kiwango cha ugumu cha uwanja, hali ya upepo, mipira mingapi ya kuanzia ilibaki mahali pa kuchezeka, grini ngapi (sehemu za nyasi fupi zenye shimo) zilifikiwa kwa mikwaju iliyopangwa, na shimo baya kuliko yote pamoja na sababu yake. "Shimo la 14, mikwaju 7, nilijaribu kuvuka maji kutoka kwenye nyasi ndefu." Msimu ukifika katikati, mchezaji huyo huzisoma zile raundi 12 ambazo handikapu imezitupa, kwa sababu ukweli wake umejificha humo. Akikuta kwamba siku zake mbaya ni 75 au 76, ana msingi wa kujengea. Akikuta 81 na 82 zimetawanyika kati ya 68 zake, bado ana kazi, hata kama handikapu yake inang'aa kwenye ubao wa klabu.

Daftari hilohilo huivunja dhana nyingine ambayo hurudiwa kama methali: kwamba mkwaju mrefu wa kuanzia ni wa kuwafurahisha watazamaji, na pesa hupatikana kwenye grini. Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyechambua takwimu za mikwaju ya PGA Tour, msururu mkuu wa mashindano ya kulipwa Marekani, alionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji bora na wa kawaida hutokana na mikwaju mirefu, na hasa ile ya kuifikia grini. Hata wachezaji wa PGA Tour, mpira ukiwa takriban mita 2.4 kutoka shimoni, huuingiza karibu nusu tu ya nyakati. Mchezaji wa ridhaa anayejilaumu kila jioni kwa kukosa mipira ya umbali huo, huku mkwaju wake wa kuifikia grini ukimwacha mita 12 kutoka shimoni mara kwa mara, anatibu kidole wakati mguu ndio umevunjika. Sisemi kwamba mazoezi ya grini hayana maana. Nasema kwamba saa za mazoezi zigawanywe kwa kufuata kile daftari linachosema.

Ipo pia dhana kwamba bingwa wa mashindano makubwa ya ridhaa amekwisha kuthibitisha kila kitu. Hapa inafaa kutazama mashindano hayo yanavyochezwa. US Amateur, iliyoanza mwaka 1895, hukusanya wachezaji 312 wanaocheza raundi mbili za kuhesabu mikwaju. 64 bora hubaki, kisha huchezwa ana kwa ana, shimo kwa shimo, anayeshindwa akitoka. Bingwa hushinda mechi sita, ya mwisho ikiwa ya mashimo 36, na yote hayo ndani ya wiki moja. Ni mtihani mkali wa mwili na wa moyo, na majina ya mabingwa wake, kuanzia Bobby Jones hadi Tiger Woods aliyetwaa taji hilo mara tatu mfululizo kuanzia 1994 hadi 1996, yanatosha kuuheshimu. Hata hivyo, mchezo wa ana kwa ana husamehe kosa ambalo mchezo wa kuhesabu mikwaju hausamehe. Ukipiga mikwaju 8 kwenye shimo la pari 4 dhidi ya mpinzani mmoja, umepoteza shimo moja tu, na kwenye tii inayofuata mnaanza upya. Mashindano mengi ya kulipwa ni ya mashimo 72, yaani raundi nne, ya kuhesabu mikwaju, na mikwaju hiyo 8 huongozana nawe hadi Jumapili. Kwa hiyo mchezaji mwenye busara, akipanga msimu wake, huweka kwa makusudi mashindano ya kutosha ya mashimo 72 yenye mchujo katikati, hata kama majina yake hayavumi.

Kuhusu wingi wa mashindano, wapo wanaodhani kwamba kadiri mtu anavyocheza mengi ndivyo anavyopanda kwenye orodha ya dunia ya wachezaji wa ridhaa. Orodha hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2007 kwa upande wa wanaume, hutazama matokeo ya wiki 104 na hufuata wastani, na pointi hutegemea nguvu ya wachezaji walioshiriki. Wiki tano mfululizo za kucheza ukiwa umechoka zinaweza kukushusha badala ya kukupandisha. Mapumziko nayo yapangwe kama sehemu ya msimu.

Dhana inayoniuma kuliko zote, kwa sababu nimeona namna inavyowavutia vijana, ni ile ya wiki moja. Kijana anacheza vizuri ajabu mbele ya umati, watu wanamshangilia, na kila aliye karibu naye anamwambia kwamba wakati ni huu. Mwaka 1998, katika mashindano ya The Open yaliyofanyika Royal Birkdale, Justin Rose wa Uingereza, akiwa mchezaji wa ridhaa mwenye umri wa miaka 17, aliuingiza mpira shimoni kutoka kwenye nyasi ndefu za shimo la mwisho na kumaliza akiwa katika nafasi ya nne pamoja na wengine. Alivuka upande wa kulipwa papo hapo. Kilichofuata ni kushindwa kuvuka mchujo mara 21 mfululizo. Ziangalie kwa karibu wiki hizo 21: kila Alhamisi kuanza na matumaini, kila Ijumaa jioni kufunga mfuko, na kila mara watu kumtazama kwa macho ya huruma. Rose alisimama tena, akashinda US Open mwaka 2013 na medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 2016, na kwa hilo anastahili heshima kubwa. Lakini uvumilivu wake haubadilishi kilichotokea. Wiki ile ya Birkdale ilionyesha kilele cha uwezo wake, na haikuwa imepima sakafu yake.

Mlinganishe na Bryson DeChambeau, ambaye mwaka 2015 alishinda ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani pamoja na US Amateur, kisha akasubiri. Alibaki wa ridhaa hadi mashindano ya Masters ya 2016, akamaliza pamoja na wengine katika nafasi ya 21, ndipo akavuka. Au Ludvig Åberg wa Sweden, aliyemaliza masomo yake chuoni mwaka 2023, akashika nafasi ya kwanza katika PGA Tour University, orodha ya wachezaji wa vyuo vikuu, na kupata moja kwa moja kadi ya PGA Tour, yaani haki ya kucheza huko, na miezi michache baadaye alikuwa akiichezea Ulaya dhidi ya Marekani katika mashindano ya timu ya Ryder Cup. Umri na kipaji pekee havielezi tofauti hiyo. Misimu iliyotangulia ilikuwa imekwisha kujibu maswali ambayo Rose alilazimika kuyajibu hadharani.

Upande wa pesa na udhamini umejaa maneno ya zamani. Bado husemwa kwamba mchezaji wa ridhaa haruhusiwi kupokea chochote. Kanuni za Hadhi ya Ridhaa zinazosimamiwa na R&A pamoja na USGA, vyombo vinavyosimamia kanuni za gofu duniani, zilibadilishwa kuanzia Januari 1, 2022. Tangu hapo mchezaji wa ridhaa anaruhusiwa kupata wadhamini, kugharimiwa safari na vifaa, na hata kulipwa kwa kutumia jina lake katika matangazo. Zawadi ya mashindano yasiyotumia handikapu anaweza kuipokea, hata ikiwa ni fedha taslimu, mradi isizidi dola 1,000 za Marekani au pauni 700 za Uingereza. Katika mashindano ya handikapu fedha taslimu haziruhusiwi. Anachopaswa kukiogopa ni kupokea zaidi ya kiwango hicho, kucheza kama mchezaji wa kulipwa, au kulipwa kwa kufundisha gofu. Hili la mwisho huwanasa wengi bila kujua: mwanachama wa klabu anamwomba kijana amrekebishie mkono, anampa noti ya shukrani, na kijana anaipokea kwa adabu bila kujua kwamba ameigusa hadhi yake.

Kwa upande mwingine, wapo wanaodhani kwamba mchezaji wa ridhaa akiwashinda wa kulipwa anachukua kitita chao. Januari 2024 Nick Dunlap, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama mwenye miaka 20, alishinda The American Express, akawa mchezaji wa kwanza wa ridhaa kushinda mashindano ya PGA Tour tangu Phil Mickelson mwaka 1991. Dola 1,512,000 za mshindi zilikwenda kwa Christiaan Bezuidenhout aliyeshika nafasi ya pili. Dunlap alichokipata ni kombe na haki ya kuwa mwanachama wa PGA Tour, na siku chache baadaye alitangaza kuvuka. Julai mwaka huohuo alishinda tena, safari hii akiwa wa kulipwa.

Linabaki suala la kuvuka kwenyewe. Wengi hudhani kwamba kujiandikisha katika mashindano ya kutafutia kadi tayari ni kuiaga ridhaa. Sivyo: mchezaji wa ridhaa anaweza kuingia na kucheza akiwa bado wa ridhaa, apime nguvu zake, kisha aamue. Ajue tu kwamba njia hiyo ni nyembamba. Ile ya PGA Tour ina hatua hadi nne, na mwishoni tangu 2025 kadi hutolewa kwa watu 5 tu. Wengine huchanganya mchezaji wa mashindano na mwalimu wa klabu, ambaye hupitia mafunzo na mitihani ya chama chake, na hivyo hudhani kwamba kuna cheti ambacho mtu hukabidhiwa siku ya kuvuka. Hakuna cheti, wala sherehe. Ipo fomu ya kuingia mashindano yenye sehemu mbili za kuchagua, ridhaa na kulipwa, na mchezaji akichagua ya pili, akafika kwenye tii ya kwanza na kuupiga mpira, hadhi yake imebadilika. Akitaka kuirudisha atalazimika kuomba na kusubiri muda atakaopangiwa.