Kipindi cha dirisha ni nini, na kwa nini unaambiwa urudi

"Nimepima, niko sawa." Maneno haya, ya aliyepima virusi vya Ukimwi, utayasikia Lamu barazani, katika mashua ya kwenda Shela, na siku hizi hata kwenye mazungumzo ya posa. Mimi nikiyasikia huuliza jambo moja: ulipima lini, na lililokupeleka kupima lilitokea lini? Kati ya tarehe hizo mbili ndipo kilipo kipindi cha dirisha. Asiyekijua hutoka kliniki na majibu ya kweli, akayaelewa kinyume.

Kipindi cha dirisha ni zile siku au wiki baina ya mtu kuambukizwa na kipimo kuweza kuliona ambukizo hilo. Virusi vimeshaingia mwilini, lakini kipimo kinasoma hasi. Si kwamba kipimo ni kibovu, wala mhudumu hajakosea. Vipimo vingi vya haraka vya virusi vya Ukimwi havitafuti virusi vyenyewe. Vinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda kupigana navyo, na askari hawa hawaundwi kwa usiku mmoja.

Jina lenyewe silipendi. Dirisha kwetu ni pa kuonea, na hapa tunazungumzia wakati ambao huoni kitu. Lau tungeachiwa sisi kulitafuta jina, tungelichukua kwenye mwezi mwandamo. Jioni ya tarehe 29 watu hupanda madarini kuutazamia. Usipoonekana, hakuna anayesema mwezi haupo. Husemwa haujaonekana, basi tutimize 30. Huenda umeshazaliwa, ila ni mwembamba mno kwa jicho. Majibu hasi ya mapema ni vivyo hivyo: hayajasema huna, yamesema hakijaonekana kitu.

Mfano huu una kasoro moja, nayo ni kubwa. Mwezi mchanga hauna mwanga wa kumfikia mtu. Virusi vya Ukimwi, kinyume chake, huwa vingi sana katika damu wiki hizi za mwanzo, kwa hiyo anayesoma hasi ndani ya dirisha anaweza kumwambukiza mwenzake kwa urahisi kuliko hata baadaye.

Mwaka mmoja nilimsindikiza mpwa wangu kupima. Alikuwa ameingiwa na hofu, na nadhani alinichukua ili asigeuze njia. Watu wengi hudhani kliniki ni kuchomwa sindano tu. Kwanza ni maswali, na maswali yenyewe ni ya kuona haya: una wapenzi wangapi, mnatumia mpira, unaumwa ukikojoa, umeona usaha, kidonda, uvimbe kinenani? Mwanamke huulizwa pia hedhi na mimba. Anayetaka ahudumiwe na mwanamke mwenzake na aseme mapema, si aibu.

"Mara ya mwisho bila mpira ilikuwa lini, mwanangu?" yule mama mshauri akamuuliza.

"Zamani, mama."

"Zamani ya kabla ya Idi au ya baada ya Idi?"

Mpwa wangu akatazama sakafu. "Siku ya pili ya Idi ndogo."

Siku 11 zilikuwa zimepita. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali lile si udaku. Mtu akisema miezi 4 na kumbe ni wiki 2, atapewa majibu hasi na kuagwa, na hakuna atakayemwambia arudi. Amejidanganya mwenyewe kwa mkono wa mwingine.

Kisha kidole. Kilisafishwa kwa spiriti, kikadungwa, tone la kwanza likafutwa kwa pamba na la pili likanyonywa kwa mrija mwembamba na kuwekwa kwenye kipimo, kipande cha plastiki kisichozidi kidole kwa urefu. Juu yake matone ya dawa. Halafu kungoja kama dakika 15 hadi 20, na hizo ndizo ndefu kuliko safari ya kuvuka hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa tanga. Mstari mmoja kwenye herufi C maana yake kipimo kimefanya kazi na hakikuona kitu. Mistari miwili, C na T, maana yake kuna kilichoonekana. Hata hapo huambiwi bado kwamba unavyo, damu hupimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine. Mstari wa C usipotokea kabisa, kipimo hicho hutupwa na kazi ikaanza upya.

Wa mpwa wangu ulikuwa mmoja. Akainuka kutaka kumbusu yule mama mkono. "Keti kwanza," akaambiwa.

Dirisha hutofautiana kwa aina ya kipimo. Kipimo cha kidole kinaweza kuona virusi vya Ukimwi kuanzia siku ya 23 hivi, na kwa wengine hadi siku ya 90. Damu ya mshipa inayopelekwa maabara, ikatafutwa kingamwili pamoja na sehemu ya kirusi chenyewe, huonyesha baina ya siku 18 na 45. Kipimo cha kutafuta virusi moja kwa moja huanza kuona siku ya 10 hadi 33. Ndiyo maana watu husikia tarakimu tofauti na kudhani madaktari wanajipinga. Vile vya kujipima nyumbani kwa kupitisha kijiti kwenye fizi, ambavyo Kenya ilivizindua mwaka 2017, dirisha lake nalo ni miezi 3, na mistari miwili ukiiona nyumbani ni lazima uende kliniki kuhakikisha.

Magonjwa mengine ya zinaa nayo yana madirisha yake. Kisonono na klamidia kwa kawaida huonekana baada ya wiki 2 hivi. Zikipimwa kwa mkojo, usikojoe kwa muda wa saa 1 kabla, na kinachotakiwa ni mkojo unaotoka mwanzo unapoanza kukojoa. Kaswende hutoa kidonda kisichouma, mara nyingi wiki ya 3 hivi, na kipimo cha damu kinaweza kuchelewa hadi miezi 3. Tena kaswende ina ujanja wake: aliyewahi kuugua akatibiwa akapona, kipimo cha haraka huweza kuendelea kumsoma chanya maisha yake yote. Mwambie mhudumu kama ulishatibiwa.

Na kuna wakati ambao si wa kungoja dirisha lipite. Kama jambo limetokea jana au juzi, iwe kwa hiari au kwa kubakwa, kuna vidonge vya kuzuia virusi vya Ukimwi visijijenge, viitwavyo PEP. Huanzwa kabla ya saa 72 kupita, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Mpwa wangu alikuwa amechelewa kwa siku 8, na yule mama alimwambia hivyo bila kumkemea.

Narudi kwenye posa. Sheria ya Kenya ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa kuwa sharti la ndoa au kazi, na inakataza majibu yake kutolewa kwa mwingine bila idhini yake. Kuombana kwa ridhaa ni jambo jingine, na mimi naliunga mkono. Lakini karatasi moja ya wiki iliyotangulia nikaha haitoshi. Inayotuliza roho ni ile iliyopimwa miezi 3 tangu mtu alipojiweka hatarini mara ya mwisho, na asiwe amejiweka tena humo katikati.

Lamu ni mji mdogo. Wapo wanaovuka hadi Mokowe wakapanda basi la Malindi ili wapimwe pasipo na shangazi wa mtu kwenye benchi. Siwalaumu. Shida ni safari ya pili: nauli imekwisha, hofu imepoa, na kipimo chenye maana zaidi ndicho kinachoachwa.

Yule mama alichukua kijikaratasi akaandika tarehe. Mpwa wangu akakitia mfukoni bila kukitazama, naye akaliona hilo. "Idi kubwa usije, itakuwa bado," akamwambia. "Mfungo Nne ukiandama, yaani Muharram, hesabu siku 3, kisha uje."