Ukaguzi wa boti ukiwa Nairobi: dhana potofu na ukweli wake

"Nairobi hakuna bahari, kwa hiyo hakuna kazi"

Ni kweli bahari iko kilomita 480 hivi kutoka hapa. Lakini boti ikiwa Kilifi, Lamu au Kisumu, mara nyingi mwenyewe anaishi Karen, mkopo wake uko katika benki ya mjini na bima yake inaandikiwa Upper Hill. Hao ndio wanaomwita mkaguzi. Ziwa Naivasha nalo liko kilomita 90 tu. Boti zake za watalii zinahitaji kukaguliwa sawa na za Mombasa, na safari ya kwenda na kurudi ni ya siku moja.

Halafu kuna kazi ya kukagua shehena katika bohari ya makontena ya Embakasi, hapahapa Nairobi. Shehena ikifunguliwa na magunia yakakutwa yamelowa, swali ni moja: haya ni maji ya bahari, au ni mvua iliyoingia baada ya meli kushusha? Jibu ndilo linaloamua nani alipe. Mkaguzi hujifungia ndani ya kontena tupu, akasubiri macho yazoee giza, akatafuta mwanga unaopenya: tundu la msumari huonekana kama nyota. Kisha hudondoshea nitrati ya fedha kwenye sehemu iliyolowa. Tone likigeuka jeupe kama maziwa, pana chumvi. Lakini jasho la vidole lina chumvi, na baadhi ya bidhaa zina chumvi yake zenyewe. Ndiyo maana huvaa glavu na kupima pia gunia kavu la shehena hiyohiyo. Asipolinganisha, kipimo chake hakimsaidii mtu.

Wengi hudhani pia kwamba siku zote za kazi hii hupita majini. Siku moja ya kukagua boti ya mita 10 huzaa siku moja au mbili za kuandika: kasoro iko wapi, ina ukubwa gani, na irekebishwe lini, kabla chombo hakijaguswa na maji, ndani ya muda uliotajwa, au iangaliwe tu mara nyingine.

"Boti inaweza kukaguliwa ikiwa inaelea"

Nusu yenye siri iko chini ya maji. Boti ipandishwe chelezoni, ioshwe, ndipo nyundo ianze kazi. Ni nyundo ndogo ya kichwa cha plastiki, na hugongwa kila sentimita 10 hadi 15, kuanzia kwenye mkuku, uti wa chini wa boti, kwenda juu. Faiba nzima hujibu kwa mlio mfupi, mkali. Matabaka yakiwa yameachana, mlio huwa mzito na mfu, kama mtu anayegonga kadibodi. Hapo mkaguzi huzungushia chaki, akaendelea kugonga pembeni mpaka umbo zima la ugonjwa lionekane. Ila mlio hubadilika pia palipo na ukuta wa ndani au tangi, kwa hiyo lazima aingie ndani kutazama kilicho nyuma ya alama yake kabla hajaandika neno.

Kipima unyevu nacho kinaaminiwa kuliko kinavyostahili. Namba zake ni za kulinganisha, si asilimia ya maji yaliyo ndani ya faiba. Rangi yenye shaba huzipandisha, na boti iliyotolewa majini asubuhi hiyo itasomeka imelowa kila mahali. Mkaguzi makini hukwangua rangi sehemu chache, akalinganisha chini ya mstari wa maji na juu yake, kisha akauliza nyundo inasemaje mahali hapohapo.

Wanunuzi huogopa sana malengelenge ya faiba, yale ukiyatoboa yanatoa majimaji yenye harufu kama ya siki. Ni hitilafu ya kushughulikiwa, lakini ni nadra sana izamishe boti. Tunalolihofia zaidi kwenye boti ndogo ni ubao wa tezi, ule wa nyuma ya boti unaobeba injini ya kupachika. Ndani yake mara nyingi kuna plaiwudi iliyofunikwa faiba, na maji huingia kupitia matundu ya bolti yaliyofungwa bila kuzibwa vizuri. Jaribio lake ni rahisi: inua mguu wa injini, uegemee kwa uzito wako, huku mwenzako akitazama ubao kutoka ndani. Ukipinda, au nyufa zikafunguka kwenye pembe, plaiwudi imeoza.

"Stenlesi haishiki kutu, na vali ya shaba hudumu milele"

Stenlesi hujilinda kwa utando mwembamba unaohitaji hewa. Bolti iliyopita katika mbao zenye unyevu haipati hewa hiyo. Kichwa kinang'aa, nati inang'aa, lakini katikati imeliwa ikabaki na kiuno cha nyigu. Kwa boti ya tanga, bolti zinazoshika kamba za mlingoti zichomolewe mbili tatu na kutazamwa. Kuziangalia kwa nje hakuthibitishi chochote.

Vali iliyo chini ya mstari wa maji ina hatari yake. Shaba ya njano ya kawaida, ile ya vali za matangi ya nyumbani zinazouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi mjini, ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Maji ya bahari hula zinki na kuacha shaba yenye vijitundu kama sponji. Kwaruza kwa ncha ya kisu: rangi ya manjano ni heri, rangi ya waridi ni dalili kwamba zinki imekwenda. Vali ya namna hiyo huweza kuvunjika kwa kuguswa na buti la mtu anayepita. Inayofaa ni bronzi, au plastiki maalumu ya majini, na mpira wake ufungwe klipu mbili.

"Maji ya ziwa hayaharibu boti"

Hapa kuna nusu ya ukweli, na nusu hiyo imewagharimu watu wa Naivasha na Kisumu. Minyoo ya baharini inayotoboa mbao haiishi ziwani, na kutu hupungua. Lakini fangasi wanaoozesha mbao hupenda maji yasiyo na chumvi. Hata jahazi la Lamu mara nyingi huoza kwanza pale mvua inapotuama, juu kwenye sitaha na kwenye vichwa vya mataruma (mbavu za chombo), si chini linakolowa chumvi. Mkaguzi wa boti ya mbao hubeba kitu chenye ncha kali na kudunga sehemu hizo. Mbao nzima hukataa. Iliyooza humeza ncha bila kelele.

Vipande vya kujitolea, vile vya madini vinavyofungwa chini ili viliwe na kutu badala ya pangaboi, ile feni inayosukuma boti, navyo hutegemea maji. Zinki ni ya bahari. Ziwani hujifunika ukoko mweupe ikaacha kufanya kazi, na mwenye boti anafurahi kuiona bado nzima, kumbe inayoliwa ni injini. Ziwani huwekwa magnesi. Kipande chochote kikibaki nusu, kibadilishwe.

Kisha mwinuko. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Victoria mita 1,135 hivi. Injini inayovuta hewa bila turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo injini ya nguvu farasi 40 iliyojaribiwa Mombasa inafika Naivasha ikiwa na 32 au 33. Mwenye boti husema imeibiwa vipuri. Mara nyingi haina kosa. Pangaboi lake ndilo linalouma maji kupita kiasi. Jaribio ni kuiendesha kwa mwendo wote ikiwa na mzigo wake wa kawaida na kusoma mizunguko. Kama mtengenezaji ameandika 5,000 hadi 6,000 kwa dakika nayo inagota 4,500, pangaboi libadilishwe kwa lenye mkato mdogo, yaani linalosogea umbali mfupi kwa kila mzunguko. Kila inchi moja ya mkato inayopunguzwa hurudisha mizunguko 150 hadi 200. Ikiachwa hivyo hujaa masizi na kuchemka. Na ikirudishwa Pwani, pangaboi la zamani lirudi nalo, la sivyo itazunguka kupita kipimo.

Kisumu ongeza magugu maji. Huziba tundu la maji ya kupozea, na mkaguzi akiona pampu yenye mapezi ya mpira yaliyoungua, anajua injini ilizunguka ikiwa kavu.

"Pampu ipo, boti haiwezi kuzama"

Tundu la milimita 25, sentimita 60 chini ya mstari wa maji, huingiza kati ya lita 60 na 100 kwa dakika, kutegemea umbo lake. Pampu ya ngama (sehemu ya chini ndani ya boti ambako maji hukusanyika) iliyoandikwa galoni 500 kwa saa hutoa lita 31 kwa dakika, na hiyo ni bila kupandisha maji. Ikiyainua mita moja kupitia mpira mrefu, hutoa pungufu. Pampu ni ya manyunyu na mvua. Tundu huokolewa na kigingi cha mbao laini kilichofungwa kwa kamba kando ya kila vali, tayari kupigwa kwa nyundo, na kwenye boti nyingi hukuti hata kimoja. Mkaguzi pia huinua kwa mkono wake swichi ya kuelea, ile inayowasha pampu yenyewe maji yakipanda, kwa sababu pampu inayowashwa na nahodha inaweza kuwa nzima ilhali ile swichi imekwama kwa mafuta machafu.

"Boti inayoyumba polepole ndiyo tulivu"

Hii ndiyo dhana inayoua. Abiria hupenda boti inayolala na kuinuka taratibu, na wanaichukia inayorudi kwa kishindo. Ukweli ni kinyume. Kurudi haraka ni dalili ya uthabiti. Kukawia ni dalili kwamba uzito umepanda juu mno na chombo kinaanza kufikiria kama kirudi au kisirudi. Boti yenye upana wa mita 3 inayoyumba na kurudi kwa sekunde 3 hivi iko salama kiasi. Boti hiyohiyo ikichukua sekunde 6, kimo cha uthabiti wake, yaani kipimo cha uwezo wake wa kujirudisha wima, kimeshuka hadi robo. Huhitaji kompyuta: kamba zilegezwe gatini, watu wawili waiyumbishe, mmoja ahesabu mayumbo kumi, agawanye.

Uzito hupandaje juu? Paa la kivuli linageuzwa roshani. Tangi la maji linawekwa juu. Watu 20 wa kilo 75 ni tani moja na nusu, na hawakai walipowekwa: kiboko akichomoza upande wa kushoto, wote husimama na kuhamia kushoto. Ndiyo maana idadi ya abiria haihesabiwi kwa viti. Kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilichozama tarehe 29 Aprili 1994 kilichukua maisha ya watu 272. MV Nyerere, kivuko cha Tanzania kilichozama Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa na uwezo wa watu 101, na waliokufa walizidi 220. Mkaguzi anapokataa roshani ya boti yako, usimwone mkorofi.

"Vifaa vya uokoaji vipo, vinaning'inia pale"

Laifu jaketi ya kujazwa gesi ifunguliwe, mtungi wake uchomolewe na kupimwa kwenye mizani, ulinganishwe na uzito uliopigwa muhuri juu yake. Ikishajazwa hewa, ikae usiku kucha bila kulegea. Mtungi wa unga wa kuzimia moto ugeuzwe juu chini: unga usiposikika ukiteremka, umeganda, hata mshale ukiwa kwenye kijani.

"Mkaguzi ameshapitisha, basi"

Ripoti inasema hali ya chombo siku ile, katika sehemu zilizofikika. Sakafu iliyopigiwa misumari na tangi lililochomelewa huandikwa kwamba hazikuonekana, na msomaji asiruke mistari hiyo. Ripoti ya bima haichukui nafasi ya cheti cha Kenya Maritime Authority, wala cheti hakimwambii mnunuzi thamani ya boti. Na fundi atakayelipwa kuirekebisha asiwe ndiye anayeikagua.

Kabla ya siku yenyewe, toa mizigo yote kwenye makabati, kausha ngama, fungua vifuniko vya sakafu, chaji betri na usiwashe injini. Mkaguzi anataka kuigusa ikiwa baridi, asikie inavyowaka mara ya kwanza na aone rangi ya moshi wake.